Bembea za watoto sikukuu ya Idi

Assalamu alaikum wazazi wenzangu wa Malindi. Wengi mmeniuliza umeme wa michezo ya watoto tutautoa wapi. Jawabu langu ni kwamba hatuuhitaji.

Kaskazini mwa Italia, karibu na Treviso, kuna mkahawa uitwao Ai Pioppi. Mwenyewe, Bruno Ferrin, alianza kuuza chakula chini ya miti mwaka 1969, kisha akajifunza kuchomea vyuma na kuunda bembea, miteremko na magurudumu kwa mikono yake. Hakuna mota. Injini ni miguu ya anayecheza na uzito wa mwili wake: usipojisukuma, huendi popote. Nampenda sana mzee huyu.

Wala michezo haichagui mahali: huko Kalkar, Ujerumani, kituo cha nyuklia kisichowahi kuwashwa kimegeuzwa bustani ya michezo, na bembea inazunguka ndani ya mnara wa kupozea maji. Romania nao wana gurudumu la kupanda watu chini ya ardhi, katika mgodi wa chumvi wa Turda (jamaa wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, mpo?).

Basi mafundi wa vyuma mliomo humu, nawaomba. Bembea 3 zatutosha. Kamba ziwe mpya, si zile zilizochoka kwa jua na chumvi mashuani. Kila kiungo kichomewe pande zote, ncha zipigwe tupa, na chini tumwage mchanga laini wa kutosha.

Tukutane uwanjani Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye mabomba ya chuma aniandikie pembeni, inshallah.