Ukimpa mkandarasi mfumo, usimpe na ujuzi wa biashara yako

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala linalowakabili wenye hoteli, maduka ya jumla na vyama vya akiba hapa Malindi, nalo ni kumkabidhi mkandarasi wa nje mifumo ya kompyuta inayoendesha biashara zao. Silipingi. Hoteli ya vyumba 40 haimudu kuajiri mtaalamu wa seva, wa mtandao na wa usalama kwa pamoja, na tangu nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, aliye Nairobi aweza kuuhudumia mfumo wa Malindi bila kupanda basi. Lakini katika kazi yangu ya uhasibu nimeona kuwa wanaofanikiwa ni wale wanaobaki na mtu wao wa ndani anayeuelewa mfumo: anayejua malipo ya awali ya mgeni huingizwa wapi, ankara hutokaje, ni ripoti ipi ya mwisho wa mwezi isiyolingana na benki, na ambaye nywila kuu iko mikononi mwake. Si lazima awe mtaalamu wa programu.

Hoteli moja ninayoitengenezea hesabu haikuwa na mtu wa namna hiyo. Ilipotaka kumwacha mkandarasi wake, ilirudishiwa kumbukumbu za wageni zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, kwa kuwa mkataba haukutaja data ni mali ya nani wala itarejeshwa katika faili la aina gani. Wahudumu wa mapokezi waliumaliza mwezi wa Agosti wakiingiza upya majina ya Waitaliano waliokwisha kulipia vyumba, huku wengine wakiwa tayari wamesimama mbele yao na mizigo.

Kuvunja mkataba si aibu, mradi njia ya kutokea iwe imeandikwa mapema. Benki ya Marekani ya JPMorgan Chase ilisaini na kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 2002 mkataba wa miaka 7 wa dola bilioni 5 wa kuendeshewa sehemu ya mifumo yake, ikauvunja mwaka 2004 baada ya kuungana na Bank One, na wafanyakazi waliokuwa wamehamishiwa IBM wakarudi.

Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mkataba wa maandishi na yeyote anayekuchakatia data. Namba za pasipoti za wageni zikivuja, mkandarasi anapaswa kukuarifu ndani ya saa 48 pale inapowezekana, nawe umwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Wajibu huo haumhamii mkandarasi kwa sababu tu seva ni yake.

Mabadiliko ya sheria nayo yatajwe katika mkataba. Mamlaka ya mapato, KRA, ilipoleta ankara za kielektroniki za eTIMS, wapo waliodaiwa na wakandarasi wao malipo ya ziada ambayo hawakuwa wameyapangia bajeti.

Naviomba vyama vya wafanyabiashara wa hapa vichange, vimlipe wakili mmoja aandae kielelezo cha mkataba kwa Kiswahili, kitakachotumiwa hata na mwenye duka asiyeweza kumlipa wakili peke yake.

Mhasibu,
Malindi