Ile Alhamisi sikwenda: barua kwa walimu wa tuisheni

Wanangu mnaofundisha vijana wa mitaa ya hali ya chini,

Salamu. Malalamiko yenu yamenifikia: vijana hawasemi, wanasinzia, wanainuka katikati ya somo. Mnataka mbinu. Mimi nina aibu moja ya zamani, nitawapa hiyo.

Nilikuwa namfundisha mvulana wa miaka 14 hesabu za sehemu. Mwezi wa kwanza alinijibu kwa kupandisha mabega tu. Wa pili akaanza kucheka. Nikamwambia, "Alhamisi nakuletea daftari la miraba." Alhamisi nikaitwa kikaoni, sikwenda, wala sikutuma neno. Jumatatu nikamkuta kiti amekielekeza dirishani. Nikaanza kujieleza. "Hamna neno, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Nilijua."

Angenikasirikia ingekuwa nafuu. Kumbe alishazoea: wa kujitolea wamekuja wakaondoka, maofisa wameandika majina wakapotea, na mimi nimejiunga nao. Muhula mzima uliisha ndipo kiti kikarudi mezani.

Kwa hiyo ahidini kidogo. Ukisema saa kumi, iwe saa kumi. Ukikwama, mpe habari yeye mwenyewe, usiishie kwa mzazi. Na kama utakuwapo miezi mitatu tu, ajue tangu siku ya kwanza.

Kisha jifunzeni kunyamaza. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu humsubiri mwanafunzi baada ya kumuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokaa kimya au kusema "sijui" wakapungua. Sekunde 3 mbele ya kijana aliyeinamia meza ni ndefu kama kesha, nakubali. Vumilieni. Kwa wengi wao kukosea ni kufedheheka, na "sijui" ndiyo ngao iliyo karibu.

Lugha yao ya mtaani ielewe, usiiige (mzee akijitia ujana, watoto ndio huona haya). Huruma nayo wanainusa kabla hujaketi. Anayesinzia huenda amekesha akibembeleza mdogo wake. Muulize taratibu, mpe dakika za kunawa uso, lakini swali gumu mpe lile lile. Ukimpunguzia, umeshamwambia unavyomwona.

Liko zito zaidi. Akishakuamini, siku moja atasema, "Mwalimu, nikwambie kitu, usimwambie mtu." Hapo msiahidi, hata moyo ukilainika vipi. Mwambie kabla hajafungua mdomo: nitakusikiliza, ila kama uko hatarini itabidi nimwambie anayeweza kukulinda, na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Huenda akanyamaza siku hiyo. Mwacheni, na wiki inayofuata muwepo kwenye kiti kile kile, saa ile ile. Ukiahidi siri ukaja kuivunja, hata kwa wema, hutampata tena, na atakayekuja baada yako naye atalipia.

Daftari lile nililipeleka Jumatatu ile ile. Halikuguswa wiki tatu. Ya nne nikakuta jina lake kwenye jalada, kwa kalamu, limekandamizwa hadi ukurasa wa pili.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu