Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla ya kununua vishikwambi vingine

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Mikataba ya vifaa vya maktaba za shule

Nakuandikia nikiwa mkutubi wa shule, kazi ambayo wengi hudhani ni kukaa mezani na kuwanyamazisha watoto. Kila baada ya miaka michache maktaba zetu huletewa kifaa kipya. Utepe hukatwa, picha hupigwa, mgeni rasmi huondoka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, nasi wakutubi ndio hubaki na kidonda.

Sipingi teknolojia. Maktaba yenyewe ni teknolojia. Mwaka 1876 Melvil Dewey alichapisha mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, na hadi leo mtoto akitafuta kitabu cha sayansi nampeleka kwenye rafu ya 500, cha fasihi kwenye 800. Baadaye zikaenea droo za kadi: kitabu kimoja, kadi kadhaa, moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa anwani ya kitabu, nyingine kwa mada. Fimbo ya chuma ilipita kwenye tundu la kila kadi ili mtoto mtundu asizichanganye. Mtambo huo haukuhitaji umeme, na ulitumika kwa vizazi.

Kompyuta zilipokuja, jambo lililofaa zaidi halikuonekana na wageni rasmi. Katika miaka ya 1960, Henriette Avram, mtaalamu wa programu katika Maktaba ya Bunge la Marekani, aliongoza kazi ya kubuni MARC, yaani utaratibu wa kuandika taarifa za kitabu ili kompyuta izisome. Kompyuta za wakati huo ziko majumba ya makumbusho. Lakini rekodi zilizoandikwa kwa utaratibu ule zimehamishwa kutoka mashine hadi mashine, na bado zinasomeka. Mashine hufa, rekodi nzuri huhama. Ningeomba wanaoandaa zabuni zako walijue hilo kuliko kujua ukubwa wa kioo cha kishikwambi.

Tazama yaliyotupita. Ensaiklopidia ya Encarta ilitoka mwaka 1993 kwenye diski, ikashangaza shule nyingi kwa sauti na picha zake, ikasitishwa mwaka 2009. Diski zake bado zipo makabatini, ila kompyuta mpya nyingi hazina hata pa kuziingiza. Masomo mengi ya kuchezesha kwenye skrini yalitegemea Flash, programu ya kuonyesha picha zinazocheza, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta: kompyuta nzima, inayowaka vizuri, ikaacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo. Hakuna aliyeiba wala kuvunja kitu. Muda wake uliisha tu, na bajeti haikuwa na kifungu cha siku hiyo.

Karatasi nayo huzeeka, tusidanganyane. Vitabu vinavyosema Pluto ni sayari ya tisa vilipitwa na wakati mwaka 2006, na kuvitoa rafuni ni sehemu ya kazi yangu. Tofauti ni kwamba kitabu kilichopitwa bado kinafunguka, na mwalimu wa historia ya sayansi anaweza kukitumia.

Kuna jambo linalonikera zaidi. Vitabu vya kielektroniki kwa kawaida hatuvinunui, tunavikodi. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea maktaba sharti kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikiazimwa mara 26, leseni imekwisha na maktaba inunue tena. Darasa la watoto arobaini lisingeweza hata kupokezana kitabu hicho mara moja. Leseni nyingine huisha kwa kuhesabu miezi, hata kama kitabu hakijafunguliwa na mtu. Anayekuletea hesabu ya "vitabu elfu kadhaa" mwulize: vya nani, na hadi lini?

Shule moja ninayoifahamu ilinunua programu ya kuazimisha vitabu. Aliyeiuza alipoacha biashara, rekodi zote zikabaki ndani ya faili ambalo hakuna programu nyingine iliyoweza kulifungua. Mkutubi akarudi kwenye daftari, kitabu kimoja kimoja. Wakati huohuo, Koha, programu huria iliyoanza kutumika kwenye maktaba za New Zealand mwaka 2000, inapatikana bure na inatoa rekodi zake kwa MARC. Na pale intaneti inapokatika, programu ya Kiwix huwezesha kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja kuwahudumia wanafunzi Wikipedia iliyohifadhiwa ndani yake. Bure hapa maana yake ni bila ada ya leseni. Bado anahitajika mtu wa kuisimika, kutunza nakala rudufu na kubadilisha betri.

Mtu huyo ndiye anayekosekana kwenye mipango. Katika shule nyingi ufunguo wa maktaba hupewa mwalimu mwenye vipindi tele, kisha tunashangaa vishikwambi kukaa kabatini vikiwa vimeisha chaji.

Kwa hiyo naomba kila mkataba useme kwamba rekodi ni mali ya shule na zitatolewa kwa muundo wa wazi, unaosomeka na programu nyingine, wakati wowote shule itakapozidai. Fedha za matengenezo ziandikwe tangu mwanzo, pamoja na za kubadilisha vifaa muda wake ukiisha. Na mkutubi aajiriwe kwanza, kabla ya boksi la kwanza kufunguliwa, ashiriki kuchagua kilichomo.

Rasimu ya mkataba ujao ikiwa tayari, nitafurahi kuisoma kabla haijatiwa saini.

Wako mtiifu,
Mkutubi wa shule