Kesi za vifaa tiba zisizame kwenye mabishano ya nyaraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililolishuhudia nikiwa mtunza stoo wa hospitali moja huku mkoani Lindi, ingawa wakati ule sikujua kwamba mahakamani ni jambo linalokula miaka. Nalo ni mvutano wa nyaraka baina ya mtoa taarifa, anayedai kwamba kampuni imeuza vifaa tiba vibovu au imehonga ili vinunuliwe, na kampuni hiyo yenyewe, wakigombania nani amwoneshe mwenzake karatasi zipi na lini, kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.

Tuliwahi kupokea vipima sukari ambavyo muuguzi wa wodi ya wanaume alivirudisha siku ya tatu tu, kwa sababu tone la damu ya mgonjwa mmoja lilisomeka 4 kwenye kimoja na 11 kwenye kingine. Niliandika namba ya toleo, yaani ya fungu la vifaa vilivyotengenezwa pamoja, kwenye leja kwa kalamu nyekundu, pamoja na tarehe na maelezo ya muuguzi. Miezi kadhaa baadaye nilipotakiwa kutoa maelezo, leja niliikuta rafuni lakini ukurasa ule haukuwemo. Ulikatwa kwa wembe, karibu kabisa na uzi wa mshono. Muuguzi alikwishahamishiwa wilaya nyingine, na mimi nikabaki na maneno matupu.

Wenzetu wa Marekani wamekutana na mambo haya kwa muda mrefu. Sheria yao ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wazabuni walioliibia jeshi, humruhusu raia kufungua shauri kwa niaba ya Serikali, na akishinda hupata kati ya asilimia 15 na 30 ya fedha zinazorejeshwa. Mwaka 2016 tawi la Olympus nchini humo, wauzaji wa kamera za kuchunguzia tumbo, lilikubali kulipa dola milioni 623.2 kwa tuhuma za kuwahonga madaktari na hospitali, na aliyeibua habari hiyo alikuwa ofisa wao wa zamani aliyesimamia uzingatiaji wa sheria.

Lakini si kila mtoa taarifa hufika huko. Wengi hukwama kwenye nyaraka: mtoa taarifa, ambaye ndiye mdai, huomba barua pepe zote za idara ya mauzo za miaka kumi. Kampuni hujibu kwamba ni mamilioni ya kurasa, kwamba nyingine ni siri baina yake na mawakili wake, na kwamba nyingine zina majina ya wagonjwa. Mahakama zao zimejifunza kuweka mipaka: kila upande unaruhusiwa kuwahoji kwa kiapo watu 10 kabla ya shauri kusikilizwa, kila mmoja kwa siku moja isiyozidi saa saba, ila jaji akiruhusu zaidi, na tangu mwaka 2015 kanuni zinasisitiza kwamba ukubwa wa ombi ulingane na uzito wa shauri. Anayekataa kutoa waraka lazima aeleze wazi sababu yake, na aseme kama kuna alichokizuia.

Sisi watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa hekima hiyo. Msimu wa korosho, gunia likifika ghalani, mkaguzi hachomoi korosho moja moja wala hamwagi mzigo wote sakafuni; huchoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye magunia machache aliyoyachagua mwenyewe, na akikuta unyevu au uchafu ndipo huagiza mengine yafunguliwe. Jaji naye anaweza kuagiza nyaraka za hospitali tatu na toleo moja la kifaa zitolewe kwanza, na zikionesha kasoro ndipo aongeze wigo. La msingi ni kwamba kampuni isijichagulie gunia la kuchomwa.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na ni sheria njema, kwa kuwa inamkinga mtu dhidi ya kulipiziwa kisasi. Lakini haikingi ukurasa wa leja. Kwa mashauri ya madai tunayo Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inayompa jaji uwezo wa kuamuru nyaraka zitolewe kwa kiapo, zote au za aina fulani tu, na hata kuufuta utetezi wa mdaiwa anayekaidi. Ombi langu kwa mahakama zetu ni kwamba nguvu hiyo itumike siku ya kwanza pande zote zinapofika mbele ya jaji, kwa amri ya kutogusa kumbukumbu yoyote, ya simu, kompyuta au karatasi, na majina ya wagonjwa yabadilishwe kuwa namba, ili Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isigeuzwe pazia la kujifichia.

Kwa hospitali zetu naomba jambo moja dogo. Kurasa za leja zipigwe namba kabla leja haijaanza kutumika, na kila kifaa kinachorudishwa kwa kasoro kiandikiwe hati ya nakala tatu, moja ibaki stoo, moja iende kwa mganga mkuu, na ya tatu ipelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba wiki hiyo hiyo.

Wako,
Mtunza stoo mstaafu,
Mtwara.