Mama anataka mke wangu akajifungulie nyumbani, mimi nataka abaki Nakuru

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Nakuru. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nina miaka 29, na mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Ni mtoto wetu wa kwanza. Tunaishi chumba kimoja huku Kaptembwa.

Wiki hii mama yangu amenipigia simu mara tatu. Anataka mke wangu apande matatu mwezi ujao, akajifungulie kwetu Kakamega na akae huko mpaka mtoto apate nguvu. Anasema mjini hakuna wa kumpikia mzazi uji, na kwamba mwanamume hana kazi na kitoto kichanga.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mke wangu kliniki. Nesi alimpima presha mkono mmoja, akapima na wa pili, akaandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto, kisha akanigeukia mimi, akaniagiza hivi. Akiumwa na kichwa kisichopoa, akivimba uso na mikono, au akiona vimulimuli, nisingoje kupambazuke. Nimlete usiku huohuo. Asijifungulie mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji, na hata akishajifungua aendelee kupimwa, kwa sababu presha hupanda pia baada ya uzazi. Kwetu ni bodaboda na barabara ya udongo. Mvua ikinyesha hata hiyo bodaboda haipiti. Nilipomweleza mama, akanijibu kuwa kuvimba ni dalili ya mtoto wa kiume.

Siku hiyo nesi aliniambia nitege sikio kwenye kile kifaa kama tarumbeta ndogo, akakishindilia tumboni mwa mke wangu. Kwanza nilisikia tumbo likinguruma tu. Kisha nikausikia moyo, kwa mbali, kama saa ya ukutani iliyo kwa jirani, ila huu una haraka. Nilitoka pale maneno yameniisha. Nikamnunulia mke wangu machungwa, nikarudi kazini.

Tangu hapo sitaki kupigiwa simu niambiwe nimepata mtoto. Baba yangu, Mungu amrehemu, alizipata habari zangu hivyo. Alikuwa akifanya kazi Mombasa, tukimwona Desemba, na mimi nilimjua zaidi kwa sanduku lake la bati na mikate aliyotoa humo. Alitupenda na alitusomesha. Lakini sijawahi kumwona amebeba mtoto mchanga, na sasa nikitafuta wa kumuiga simpati. Jioni najifunza kufunga nepi kwa kuuvisha mto.

Walioajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo. Mimi nalipwa geti likikamilika. Nisipochomelea, hakuna kitu. Bima ya afya ya serikali, SHA, nimeshalipa ya mwaka mzima. Kando ya hiyo, tangu mimba ilipofika miezi minne naweka shilingi 100 kila jioni kwenye simu, na zimefika 8,700. Nimepiga hesabu: zinatosha nifunge kazi wiki mbili, tule na kodi ilipwe. Zaidi ya hapo hakuna.

Na hizo wiki mbili zikiisha? Nikirudi kazini mke wangu atabaki na nani? Yeye anamtaka mama yake, lakini sisi Waluhya hatujalelewa kulala nyumba moja na mama mkwe, sembuse chumba kimoja. Mlango wa tatu kutoka kwetu kuna chumba kitupu, kodi 3,000 kwa mwezi. Nikikichukua, mama mkwe anaweza kuja akakaa kwa heshima, lakini mimi nitarudi kazini mtoto akiwa na siku chache tu.

Shangazi, nikichukue chumba hicho au nikae mimi mwenyewe nyumbani? Na mama yangu nimwambieje? Nikisema ni maneno ya nesi, anaona ni visingizio. Nikimwita mama mkwe, atasema mkaza mwana ndiye amenigeuza moyo, na mke wangu hajasema neno baya hata moja juu yake. Nampenda mama na sitaki mjukuu wake azaliwe yeye akiwa amenuna.

Mwenye ploti amenipa hadi Ijumaa niamue kuhusu chumba.

Baba mtarajiwa,
Kaptembwa, Nakuru