Kuandika malengo sawa, ila hiyo stori ya Yale muiache

Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kuhusu makala yenu ya malengo, ile iliyosema ukitaka kufanikiwa chukua kalamu uandike unachokitaka na mengine yatajipa yenyewe. Kalamu sina ugomvi nayo, mi mwenyewe mtu wa madaftari, ila mwandishi wenu kaileta tena ile stori ya chuo kikuu cha Yale cha Marekani, kwamba eti mwaka 1953 wahitimu waliulizwa nani ana malengo yaliyoandikwa, wakapatikana asilimia 3 tu, halafu miaka 20 baadaye hao asilimia 3 wakakutwa wana mali kuliko wale 97 wote ukiwajumlisha. Stori tamu kweli. Tatizo ni kwamba haikutokea. Jarida la Fast Company la Marekani liliifuatilia mwaka 1996, wakawauliza wale wanaoihubiri kwenye semina wameitoa wapi, kila mmoja akawa anamsukumia mwenzake, na Yale wenyewe walishasema hakuna utafiti wa namna hiyo kwenye kumbukumbu zao. Siku hizi wapo wanaoihamishia Harvard na mwaka wanabadilisha, basi inaonekana mpya.

Mtu anaweza kusema sasa we inakuuma nini, si inawapa watu motisha? Inaniuma kwa sababu mtu akishaamini karatasi ndiyo inafanya kazi, anaandika orodha yake ndefu tarehe 1 Januari, anaifunga, anaona ameshaanza. Ikifika mwezi wa tatu hata daftari lilipo hajui, na hapo anajiona yeye ndio mvivu asiye na msimamo, kumbe alipewa nusu ya maelezo.

Utafiti wa kweli upo na kuandika kunatetewa vizuri tu bila uongo. Gail Matthews wa Dominican University huko California alichukua watu wa kazi mbalimbali akawagawa makundi matano, wengine wakae na malengo yao kichwani tu, wengine waandike, na kundi la mwisho waandike malengo na hatua za kuchukua halafu kila wiki wamtumie rafiki ripoti ya walipofikia. Waliomaliza walikuwa 149. Walioandika walifanya vizuri kuliko waliowaza tu, hilo halina ubishi, lakini walioongoza ni wale wa ripoti kila wiki. Ni kweli matokeo walijipima wenyewe na ilikuwa wiki chache tu, kwa hiyo nami siubebi kama msahafu, ila angalau huu ulifanyika.

Halafu kuna jambo ambalo makala haikuligusa kabisa na kwangu ndio penyewe: unaandika NINI. Edwin Locke, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaonyesha tangu mwaka 1968 kwamba kumwambia mtu "jitahidi uwezavyo" hakumsaidii kama kumpa lengo linaloeleweka na gumu kidogo. Lakini hata lengo linaloeleweka bado linaning'inia hewani kama hujalipa siku na saa. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Milne na wenzake, waliwachukua wanafunzi wa chuo wakataka kuona nani atafanya mazoezi ya nguvu dakika 20 walau mara moja kwa wiki. Kundi moja waliachwa tu, asilimia 38 wakafanya. La pili walisomeshwa faida za mazoezi kwa afya ya moyo, yaani walipewa motisha ya kutosha, wakafanya asilimia 35, chini hata ya wale walioachwa! La tatu walisoma maelezo yaleyale lakini pia wakajaza sentensi moja, nitafanya siku fulani, saa fulani, mahali fulani. Asilimia 91. Nikifikiria semina zote tunazokaa tunapiga makofi na kupaza sauti "naweza" naishia kucheka tu.

Kwa hiyo kuna kuandika na kuandika. "Mwaka huu nataka kusoma vitabu zaidi" ni maneno mazuri lakini hayakwambii ufanye nini leo jioni. Linganisha na hii: "nikishatoa vyombo mezani, kabla sijashika simu, nakaa kiti cha dirishani nasoma kurasa kumi." Hapo vyombo vyenyewe ndio vinakukumbusha, huna haja ya kusubiri hamu ije, na hamu tunaijua ilivyo, inakuja ikitaka. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, ndiye aliyelichimba sana hili la "ikitokea hivi nafanya hivi" na nashangaa makala nzima ya malengo imeandikwa bila kumtaja hata mara moja.

Kuhusu ule ushauri wa kutangaza malengo kwenye stetasi kila mtu aone, hapo nipo tofauti kabisa na mwandishi wenu. Huyohuyo Gollwitzer na wenzake mwaka 2009 waliona kwamba mtu akitangaza nia inayohusu anataka kuwa nani, mfano mwanasheria, na watu wakaiona, anaweza kupunguza bidii maana zile pongezi zinamfanya ajione kama ameshafika. Ila msinielewe vibaya, kumwambia mtu mmoja atakayekuuliza kila wiki "vipi umefika wapi" ni kitu kingine kabisa, huyo hakupi pongezi za bure, anataka ripoti. Mwaka 2016 Harkin na wenzake walikusanya tafiti 138 wakakuta kufuatilia maendeleo yako kunasaidia kufika, na kunasaidia zaidi ukiyaweka kwenye rekodi au ukiyaonyesha kwa wengine. Yaani cha kuonyesha ni kilichofanyika, nia mtu anaweza kukaa nayo.

Na daftari lenyewe lisiwe na mbwembwe jamani. Naona watu wananunua la gharama lenye kamba na kalamu za rangi saba, ukurasa wa kwanza umepambwa vizuri, wa pili mtupu. Kipande cha karatasi kilichobandikwa pale unapopiga mswaki utakiona kila siku utake usitake, na ukikiona huna budi kukijibu.

Ombi langu mhariri, najua makala kama hizi mnazirudisha kila Januari. Safari ijayo hiyo ya Yale muitoe, na ile nafasi iliyobaki wekeni kisanduku kidogo chenye mistari mitatu, siku, saa na mahali, msomaji akate ajaze. Halafu Machi mtuulize tena.

Msomaji wenu wa kila siku