Shukrani kwa dada wa steshenari, Mtwara mjini

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Mimi ni yule mchongaji niliyekuja kuchapisha maombi ya ruzuku ya kufundishia vijana, magharibi inaingia, nawe umeshaanza kufunga duka. Ulisoma karatasi yangu ukasema, "Kaka, 'vifaa mbalimbali' ndiyo nini? Vitaje." Ukavuta stuli. Tukaandika tezo, patasi, tupa, msasa, kila kimoja na bei yake. Ukauliza tupa zote hizo za nini. Nikakueleza kuwa mpingo ni mgumu, unamaliza makali upesi, na asiyejua kunoa bado hajajua kuchonga. Ukaniambia hayo hayo ndiyo yaandikwe. (Mimi nilidhani wakubwa hawana haja na habari za kunoa.) Hela ya kuchapa ukaikataa.

Ruzuku imetoka. Vijana sita, wote waliokatishwa shule na shida za nyumbani, wanachonga chini ya mwembe wangu, kila mmoja na tezo yake. Binti mmoja kutoka Newala amemaliza kinyago chake cha kwanza juzi. Nilikuja kukuonyesha, nikaambiwa umehama. Asante sana, dada. Kinyago tumekuwekea.